Jiwe la Mama Mkubwa

Najua nimepotea sana. Wengine mmeniuliza kama nimepigwa disko, wengine mmesambaza habari kwamba nimeolewa Urambo na mkulima wa tumbaku. Hakuna lolote. Nilikuwa nyumbani Tabora kwa mazoezi ya kufundisha, na huko huko yakanikuta mambo ambayo nimekaa nayo kifuani wiki kadhaa nisijue pa kuanzia. Leo umeme upo, wenzangu wote wa chumbani wameenda kanisani, bumu halijatoka kwa hiyo sina hata nauli ya kwenda Mwenge. Basi nianze.

Mnaonifahamu mnajua kwamba mimi nimelelewa na mama mkubwa, dada yake mama. Nyumba yake iko Ng'ambo, na biashara yake ni ile ile tangu nina akili: michembe, matobolwa, karanga na asali, anauza karibu na stesheni. Kila mwanafunzi wa Mlimani aliyewahi kula asali chumbani kwangu amekula jasho la mama mkubwa. Ni mtu asiyelalamika. Ukimpigia simu ukamwambia shikamoo, atakuitikia marahaba mwanangu, mwangaluka, hata kama ni saa mbili usiku, halafu ataanza kukuuliza wewe habari zako mpaka vocha iishe hujajua zake.

Ndiyo maana alipoanza kulalamika mkojo unamchoma, ilibidi nishtuke. Sikushtuka. Si mnajua siku hizi Tanzania nzima tuna UTI? Ukienda zahanati na homa unarudi na UTI, ukienda na kichwa unarudi na UTI. Alipimwa, akaambiwa kuna usaha kwenye mkojo, akapewa dawa, akapona. Baada ya mwezi ikarudi. Akapewa dawa nyingine, akapona. Ikarudi. Kwa mwaka mmoja alipewa dawa mara tano, sehemu tatu tofauti, na hakuna aliyemuuliza kwa nini inarudi.

Na sasa niseme lile lililonifanya nishindwe kuandika. Kati ya hizo mara tano, mara mbili aliyemwandikia dawa ni mimi. Ndiyo, mimi, mwanafunzi wa ualimu, masomo ya kufundishia Baiolojia na Kemia, nimekaa kitandani hosteli nikamwambia kwenye simu, "Mama mkubwa, nenda duka la dawa kanunue sipro, kunywa siku tano, kunywa na maji mengi." Mara ya pili nilimwambia amalizie zile zilizobaki. Yaani zilizobaki! Kama ni dawa ilipaswa kuisha, zilibakije? Sikujiuliza. Nilikuwa na UE wiki ile.

Nilipofika nyumbani kuanza mazoezi ya kufundisha ndipo nikaona kwa macho. Kunyanyua ndoo ananyanyua kwa mkono mmoja, mwingine kashika ubavu wa kushoto. Usiku anaamka mara nne, mara tano. Kuna kitu kingine, samahanini mnaokula: harufu. Asubuhi ukiingia chooni baada yake unakutana na amonia, ile ile tuliyokuwa tunaitengeneza maabara kwa kuchemsha chumvi ya amonia na chokaa, inayokufanya utoke machozi. Nilijua ni amonia. Nikajisemea labda hanywi maji ya kutosha, nikaendelea na andalio langu la somo.

Damu alinificha. Baadaye alikiri kwamba alikuwa akiiona kwa miezi, akadhani ni kichocho. Kanda ya ziwa na magharibi, ukiona damu kwenye mkojo wazo la kwanza ni kichocho, na mtu wa umri wake anaona aibu kusema ana ugonjwa wa watoto wanaooga mabwawani.

Usiku mmoja akashikwa na homa ya kutetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Malaria, akasema. Tulipopima, hakuna malaria. Daktari kijana akamgonga kidogo mgongoni, upande wa kushoto chini ya mbavu, mama mkubwa akaruka. Tukapelekwa utrasaundi, kisha eksirei. Daktari akaiinua ile picha dirishani, akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, una jiwe. Na si dogo."

Nimeiona picha. Mnajua tangawizi ile kubwa ya sokoni, yenye vidole vidole? Figo la kushoto lilikuwa na tangawizi ndani yake, nyeupe, imejaza kila chumba. Kwa kizungu wanaliita kwa jina la pembe za paa wa Ulaya, wale ambao pembe zao zina matawi. Kwetu tandala pembe zake zimejisokota, mfano haufai. Mimi naiita tangawizi.

Habari ilipotoka nje ya nyumba, kila mtu akawa mtaalamu. Jirani mmoja: ni maji ya chumvi ya visima tuliyokunywa miaka yote kabla maji ya Ziwa Victoria hayajatufikia. Mwingine: ni mchanga wa kwenye unga. Shangazi yangu mmoja (nampenda lakini) akasema jiwe haliingii mwilini bila mtu kulitupa, mnielewe anamaanisha nini. Mimi nikasimama upande wa maji ya chumvi, nikaeleza kisomi kabisa habari za kalsiamu, watu wakatikisa vichwa. Kumbe wote hatukujua, na msomi kuliko wote.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa maabara. Sitamtaja wala hospitali. Alipoona nimeng'ang'ania dirishani nauliza maswali, akaniuliza wewe ni nani, nikasema mwalimu wa mazoezi, Kemia na Baiolojia. Akacheka. "Mwalimu, ingia basi. Vaa koti hilo."

Kwanza akanionyesha kijiti cha kupimia mkojo, kile chenye vibox vya rangi. Alikuwa amechovya mkojo wa mama mkubwa uliotoka dakika ile ile. Akasema, watu wanaangalia usaha, wanaangalia naitraiti, wanafunga kazi. Hiki kibox cha pH hakitazamwi na mtu. Cha mama mkubwa kilikuwa kimekwenda kijani kibichi mpaka karibu na bluu: 8.5. Mkojo wa kawaida mara nyingi uko karibu na 6. Akanionya kwamba mkojo uliokaa kwenye chupa masaa mengi nao hupanda pH, kwa hiyo ukichelewa kupima unajidanganya, lakini huu ulikuwa wa moto bado.

Kisha akaniweka kwenye hadubini. Chembe za usaha, ndiyo. Na katikati yake fuwele, safi, zinang'aa, zenye mapande yaliyoinama pande zote. "Unaona nini?" Sikujua. Akasema vitabu vinasema zinafanana na kifuniko cha jeneza.

Nilitoka nje kidogo.

Mama mkubwa alikuwa kwenye benchi, kajifunga khanga mbili. "Wameona nini mwanangu?" Nikamwambia wameona vitu vidogo vinavyofanana na paa la nyumba, ukiliangalia ukiwa juu ya mwembe. Akasema, "Paa la bati au la nyasi?" Nikasema la bati, maana linang'aa. Akatulia.

Sasa wale wa Baiolojia sogeeni karibu, wengine mkanywe chai mrudi. Kinachoitwa kumtambua bakteria nilikuwa nimekisoma kwenye desa, mistari minne, nikapata B+. Kumbe ni siku tatu za kusubiri. Siku ya kwanza unachukua mkojo wa katikati, si wa mwanzo, kwa kitanzi cha waya, unauchora juu ya sahani ya agari, unaufungia kwenye kabati la joto la nyuzi 37. Kwa lugha yetu wanasema wanaotesha, na ni neno sahihi kuliko la kizungu: unapanda, unangoja, unaona kilichoota.

Siku ya pili nilikwenda saa tatu kabla ya kipindi changu. Sahani zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ile ya MacConkey, yenye laktosi na rangi. Mdudu wa kawaida wa UTI, yule E. coli anayekaa kwenye utumbo wetu sote, huila laktosi na madoa yake yanakuwa mekundu mekundu. Haya ya mama mkubwa yalikuwa yamepauka. Hakuwa yeye. Sahani ya pili ilikuwa na agari yenye damu, na hapo hapakuwa na madoa hata kidogo. Kulikuwa na mawimbi. Kama umesimama bwawa la Igombe ukatupa jiwe, duara ndani ya duara mpaka ukingoni, ndivyo sahani ilivyokuwa, imefunikwa na utando mwembamba wenye pete. Mdudu huyu hakai alipopandwa, anaogelea juu ya agari kwa makundi, anasimama, anaogelea tena, na kila aliposimama anaacha pete.

Dada akasema, "Huyu hata bila vipimo vingine namjua kwa mwendo wake." Lakini vipimo vingine akafanya. Akachukua kidogo akapaka kwenye tyubu yenye urea na rangi, ya manjano iliyoiva. Alipopaka ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Nikaenda kufundisha, nikarudi saa nane na vumbi la chaki mkononi, tyubu nzima ilikuwa pinki ya kuwaka, ile ya kitenge cha harusi. Klebsiela naye anaweza, akasema, lakini polepole. Kwa haraka hivi ni Proteus. Akafanya na cha indoli, ambacho kinatenganisha ndugu wawili wa ukoo huo. Hakikubadilika, kwa hiyo jina kamili likawa Proteus mirabilis.

Siku ya tatu ni ya dawa. Unamtandaza mdudu sahani nzima, unaweka vijiduara vya karatasi vyenye dawa mbalimbali, kesho yake unapima duara safi kuzunguka kila kimoja. Pale dawa inapomuua panabaki peupe. Sipro: hapakuwa na duara. Utando umekuja mpaka ukingoni mwa karatasi, kama nyasi mpaka mlangoni. Hiyo ni ile niliyomwandikia mimi. Siwezi kusema ni dozi zangu mbili zilizomfundisha kuizoea; huenda alikuja nayo hivyo. Lakini nilisimama pale na koti la watu, nikaona kazi ya mikono yangu au angalau ya mdomo wangu.

Halafu akaniuliza, dawa nyingine alipewa zipi? Nikamtajia, mojawapo naitrofurantoini. Akatikisa kichwa. Dawa nzuri sana kwa E. coli wa kwenye kibofu. Kwa Proteus ni bure, si kwamba amezoea, amezaliwa haimuwezi. Mgonjwa anameza siku saba, mdudu anaendelea na shughuli zake. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini jina lina maana. Mara tano tulisema "UTI", na UTI si jina la mdudu. Ni sawa na kwenda polisi kusema umeibiwa na mtu.

Kemia yenyewe ni hii. Sote tuna urea kwenye mkojo. Sote tuna magnesiamu na fosfeti. Vinatoka salama maana mkojo una asidi kidogo, vinabaki vimeyeyuka. Proteus ana kimeng'enya kinaitwa yurease. Anaivunja urea kuwa amonia na kabonidayoksaidi. Amonia inapandisha pH, na ikishapita 7 na kidogo, magnesiamu, amonia na fosfeti vinashikana na kuganda. Hilo ndilo jiwe: struvaiti, na humo humo linachanganyika na fosfeti ya kalsiamu. Maji ya kisima hayahusiki, mchanga hauhusiki, na shangazi naye, samahani, hahusiki. Kuna mawe mengine ya figo, tena ndiyo mengi, ambayo kutokunywa maji kunachangia sana. Haya ya bakteria ni kama 10 mpaka 15 katika kila 100, yanawapata zaidi wanawake, na yanakua haraka, wiki na miezi tu.

Na kuna ubaya zaidi. Bakteria anajengewa ndani. Anatengeneza jiwe huku amekaa katikati yake, dawa inaua wa nje, wa ndani wanasubiri dozi iishe wanatoka. Ndiyo ile "imerudi, imerudi". Haikuwa imeondoka. Ndiyo maana daktari alisema hata tukipata dawa sahihi, bila kulitoa jiwe lote, hata kipande, tunacheza.

Niliyaelewa haya vizuri pale nilipoyafundisha. Kidato cha tatu, shule ya kutwa, wanafunzi wengi na maabara yenye kabati moja lililofungwa na ufunguo haujulikani uko kwa nani. Nikanunua urea, si mnajua ile mbolea nyeupe ya mahindi, nikayeyusha kijiko kwenye maji ya vuguvugu. Nikasaga soya mbichi. Iwe mbichi, iliyokaangwa haifanyi kitu maana joto limeshaua kimeng'enya; soya nayo ina yurease kama ya yule mdudu. Nikachemsha rosela, ile tunayotengenezea juisi, nyekundu kabisa, nikaipozesha, nikagawa kwenye glasi mbili zenye maji ya urea. Moja nikatia soya, moja nikaacha.

Tukangoja. Nikapiga stori kidogo. Nikawasimulia habari za James Sumner wa Marekani, aliyekuwa anatumia mkono wa kushoto, akaupoteza huo huo kwa ajali ya risasi kwenye mawindo akiwa na miaka 17, akaambiwa na mkubwa wa Kemia kwamba mtu wa mkono mmoja hafai kwenye maabara. Alihangaika na yurease ya maharage miaka tisa, mpaka mwaka 1926 akaipata ikiwa fuwele safi, akaonyesha kwamba kimeng'enya ni protini. Wakubwa wa Ulaya walimbishia. Mwaka 1946 akapewa Tuzo ya Nobel. Nyuma ya darasa kuna kijana mwenye ulemavu wa mguu ambaye tangu nifike alikuwa hajawahi kunyoosha mkono. Siku hiyo ndiye aliyepiga kelele wa kwanza: "Mwalimu, inabadilika!"

Ile yenye soya ilikuwa imeacha wekundu, ikaenda zambarau chafu, ikaelekea kijani. Nyingine ilikaa vile vile. Nikawapitishia wanuse. Yule kijana akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo kinachotengeneza jiwe tunacho wote, bado mdudu tu?" Nikasema ndiyo, bado mdudu tu. Nikageukia ubao nikajifanya nafuta.

Msimamizi kutoka chuoni alikuja wiki iliyofuata, nikiwa nafundisha topiki nyingine kabisa, ya ovyo. Ndiyo bahati yangu ilivyo.

Jumamosi moja niliwapeleka Kwihara, kwenye lile tembe la Livingstone. Si mbali na mjini, wenye baiskeli kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Njiani ni ile miembe mnayoiona kwenye picha zote za Tabora, wazee wanasema imeota kwa kokwa walizotupa wapagazi wa misafara. Nilienda kama mwalimu, kichwa kiko Ng'ambo. Stanley na Livingstone walifika hapo Februari 1872 wakitoka Ujiji, Stanley akaondoka Machi, mzee akabaki anangoja wapagazi mpaka Agosti. Mwaka uliofuata akafa huko ambako leo ni Zambia, na akina Susi na Chuma wakambeba. Walipita tena hapa Unyanyembe Oktoba 1873, wakakutana na Waingereza wa msafara wa Cameron waliotaka mwili uzikwe hapa hapa. Wakakataa. Wakaupeleka mpaka pwani.

Hayo niliyajua. Nisichokuwa nimekitilia maanani ni kwamba ulipofika London Aprili 1874, ilibidi kwanza uthibitishwe ni wake kweli. Uso haukutambulika. Daktari wa upasuaji, William Fergusson, akaangalia mfupa wa mkono wa kushoto, ambapo simba alimuuma mwaka 1844 ukavunjika na haukuunga vizuri. Akaukuta. Nikamkumbuka dada wa maabara na mwendo wa mdudu wake.

Na njia hii ya misafara ina habari yake ya bakteria, ambayo sijui kwa nini haimo kwenye silabasi. Papasi mnawajua, au bibi zenu wanawajua: wale wa kwenye nyufa za sakafu ya udongo. Homa yao iliwasumbua wasafiri sana, maana msafara unalala kwenye vibanda vile vile alivyolala mwingine jana. Robert Koch alikuja Tanganyika ya Wajerumani mwaka 1905, akachunguza vibanda vya kulala kwenye njia hizi, akakuta papasi, na ndani ya papasi, hata kwenye mayai yao, bakteria mwembamba aliyejisokota. Mwaka huo huo wa 1905 daktari Joseph Dutton, aliyekuwa akichunguza homa hiyo hiyo Kongo, alifia kule Kasongo, na homa hiyo ilikuwa imemshika yeye mwenyewe. Bakteria anaitwa kwa jina lake mpaka leo. Watu wamekufa wakitafuta jina la mdudu, mimi nikatibu bila kuuliza.

Proteus naye jina lake lina kisa. Alipewa na Mjerumani Gustav Hauser mwaka 1885, mwaka ule ule Wajerumani walipojitangazia nchi yetu, miezi tu baada ya Mirambo kufa. Hauser alichukua jina la mungu wa bahari wa Wagiriki anayejigeuza: simba, nyoka, maji, mti. Katika hadithi yao ukitaka akuambie ukweli inabidi umkamate usimwachie, ajigeuze weee, mpaka achoke arudi umbo lake. Nilimsimulia mama mkubwa siku tunasubiri gari ya kwenda Mwanza. Akasema, "Kwetu huyo angeitwa kinyonga, na wala asingekuwa mungu."

Mwanza nipite haraka. Fedha ilipatikana: mjomba wa Sikonge aliuza madebe yake ya asali kabla bei haijakaa sawa, mama akatuma, na bumu langu lote likaenda, ndiyo maana nawakopa. Tulipanda basi alfajiri, Nzega, Shinyanga, mama mkubwa kila tuta anashika ubavu. Akatundikiwa dripu za ile dawa iliyoonyesha duara kubwa kwenye sahani, kisha akapasuliwa. Masaa yale siyaelezi. Nilihesabu vigae vya korido. Daktari alitoka akasema figo limeumia lakini limebaki, na jiwe limetoka vipande vitatu. Amepiga picha, haoni kilichobaki. Kipande kimoja walikiotesha pia maabara, maana mara nyingine kilicho ndani ya jiwe si kile kilichotoka kwenye mkojo. Kilikuwa ni yule yule.

Kipande kingine alipewa, kwenye kichupa cha vidonge. Ni cha rangi ya maziwa yaliyoungua, chepesi kuliko unavyodhani, ukikwangua kwa kucha kinatoa unga. Nilimweleza kwamba madini hayo hayo, mwaka 1845, Mjerumani mwingine aliyakuta Hamburg chini ya kanisa, kwenye samadi ya ng'ombe ya miaka mingi, akayaita kwa jina la mwanadiplomasia wa Urusi, von Struve. Mama mkubwa akakiangalia kile kichupa. "Yaani nimebeba samadi ya kanisani." Akacheka mpaka nesi akaja kumwambia asicheke, ana nyuzi.

Nilimwambia pia habari ya sipro. Nilimwambia siku ya nne, usiku, taa zimezimwa wodini. Nikasema mama mkubwa, dawa zile nilizokuambia mimi, hazikuwa zenyewe, na sikupaswa kukuambia. Alikaa kimya nikadhani amelala. Kisha akasema, "Ulikuwa na mtihani." Sikujibu. Hata sasa sina jibu.

Sasa yuko nyumbani. Kila baada ya muda anatakiwa apeleke mkojo uoteshwe, hata kama hana maumivu, maana vijipande visivyoonekana vinaweza kuanzisha tangawizi nyingine. Alipeleka mara ya kwanza, safi. Mara ya pili, safi. Ya tatu alipeleka Jumatano, na dada wa maabara, ambaye sasa anamwita mama na kuchukua michembe kwa mkopo, alimwambia arudi Ijumaa.

Ijumaa nilikuwa na simu mkononi kwenye mhadhara wa saikolojia ya elimu, mhadhiri ananiangalia. Ilipoita nilitoka nje.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu, mwangaluka. Umekula?"

"Mama mkubwa, majibu."

"Hakijaota kitu. Amenionyesha na sahani yenyewe, tupu. Sasa sikiliza, kuna mtu anapanda basi kesho, nimpe matobolwa au michembe?"